Hesabu ya Siku Nne

Bi Tima alizikwa Jumatano baada ya sala ya adhuhuri, nami nilifika Kibuyuni alasiri, wanaume wameshatoka makaburini na wanakung'uta udongo kwenye kanzu zao. Saumu, binti yake, alinipokea mlangoni. Tulishikana, kisha akasema, "Utalala kule kwenu," na sikuhitaji kuuliza ni wapi. Kile chumba cha uani kina dirisha moja linalotazama mpapai na ukuta wa choo. Kilikuwa kimetandikwa mikeka kutoka ukuta hadi ukuta kwa ajili ya wanawake waliokuja kukaa matanga, na mabuibui yalining'inia kwenye misumari niliyoipigilia mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka ishirini na minne. Juu ya dirisha yako bado matundu mawili yaliyotobolewa kwa nondo ya moto ili kupitisha waya. Mtu fulani alijaribu kuyaziba kwa gazeti, gazeti likaoza, mwanga ukarudi. Nililala chali nikiyatazama. Wenzangu walikuwa wakisimulia ugonjwa wa marehemu, lini alianza kuvimba miguu, lini aliacha kula, na mimi nilikuwa nikisikia sauti za feni ndogo sita ambazo zimenyamaza miaka kumi na kitu iliyopita.

Habari za kwetu Kombani sitazitia humu. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na shahada moja, nilijiandikisha kwa ya pili, na profesa wangu alikaa mji wa mbali akinifikia kwa simu na barua pepe. Kazi aliyonipa ilikuwa kuiga ndani ya kompyuta namna nyuzi za mwani zinavyoshikana. Ukichemsha mwani, hutoka nyuzi ndefu na nyembamba kupita kiasi, zisizoonekana kwa jicho, na kila uzi umebeba chaji hasi mwili mzima. Chaji za aina moja husukumana. Ili nyuzi hizo zikubali kukaa pamoja na maji yageuke jeli, lazima kitu chenye chaji chanya kiingie katikati na kuzipatanisha. Potasiamu inaweza kazi hiyo, na potasiamu imejaa tele katika majivu ya makumbi ya nazi. Nilikwenda Kibuyuni kwa sababu huko ndiko mwani unakolimwa, na kwa sababu Bi Tima, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakulima wa mwani, alimwambia afisa mmoja wa uvuvi kwamba ana chumba kitupu na ana swali.

Mashine alikuja nazo Mutiso. Alikuwa kijana wa Machakos aliyekuwa fundi wa kompyuta katika hoteli moja ya Diani, mpaka hoteli ikafungwa na kumwachia kompyuta sita kuukuu za mapokezi badala ya kwaheri. Kila moja ilikuwa na stika ya mnazi na jua linalotua. Tulizipanga juu ya mbao zilizokalia matofali, tukaziunganisha kwa waya ili zifanye kazi moja kwa pamoja, tukafunika juu kwa kanga kuzuia vumbi la chokaa. Hewa ya chumvi ilikuwa ikizila skrubu taratibu. Wiki ya pili kuku mmoja wa Bi Tima aligundua joto lililokuwa likitoka nyuma ya mashine ya tatu, akajilaza pale kuatamia, na kila tulipotaka kugusa waya wa upande ule tulidonolewa. Mutiso alitaka kumfukuza. Bi Tima akasema, "Mwacheni. Huyu ndiye wa kwanza kupata faida ya kazi yenu."

Nikikumbuka mwaka ule nakumbuka kwanza chakula. Sima na mchunga uliochemshwa ukamwagwa maji mara mbili na bado ukabaki mchungu. Changu wa kukaanga. Mihogo ya nazi siku ambazo wanawake walirudi pwani wamechoka na hakuna aliyetaka kusonga. Tulikula jikoni, sinia moja, mimi, Saumu na mama yake, na Mutiso akiwekewa yake kibarazani kwa heshima ya mgeni wa kiume, akilalamika kwamba heshima hiyo inamnyima mazungumzo. Mazungumzo yalimfikia vilevile, kwa kuwa ukuta wa jikoni haukufika darini. Na sisi chumbani tulisikia yao, wanawake wa kikundi wakifunga mbegu kwenye kamba uani.

"Eti wanachemsha mwani ndani ya mashine."

"Bila maji?"

"Bila maji, bila moto."

"Ndiyo maana Mishi amekonda. Chakula chenyewe hakiivi."

"We Mishi!" mmoja aliita kwa sauti. "Mashine imejifungua?"

"Bado, mama!"

"Muda wake umepita! Mpelekeni Msambweni akapasuliwe!"

Mutiso alicheka hadi akakohoa. Sijacheka hivyo tena na mtu yeyote katika kazi yangu, na nimefanya kazi na watu wengi, katika vyumba vyenye viyoyozi.

Swali la Bi Tima lilikuwa hili. Kikundi kililima mwani wa aina mbili. Spinosamu ni mgumu kufa, unastahimili joto, lakini jeli yake ni laini kama kamasi. Kotonii jeli yake inasimama, ukiikata kwa kisu inakatika, na ndiyo iliyokuwa ikitakiwa; lakini kaskazi inapoingia na maji ya pwani yakapata moto, kotonii hugeuka nyeupe, ikalegea na kukatika vipande. Vijiji vingine vilikuwa vimeshaipoteza. Bi Tima aliihifadhi. Kila kaskazi, kwa miaka, alikuwa akizihamisha kamba chache za mbegu kutoka ufukweni na kuzipeleka kwenye mkondo wenye maji ya baridi, na kila bamvua, maji yanapotoka sana, wanawake watatu, yeye akiwa mmoja wao, walikwenda huko maji yakiwafika kifuani, wakazisafisha uchafu, wakakata vipande vilivyougua, wakafunga upya vilivyo hai. Mbegu ya mwani haiwekwi ghalani. Ni kipande cha mmea wenyewe, na kikiachwa mabamvua mawili matatu kinakufa, na kikifa hakuna mbegu. Wanawake walikuwa wamechoka. Mmoja alikuwa amechomwa na mwiba wa samaki taa mguuni, mwingine mimba ilitoka.

"Nataka neno moja tu kwenu," Bi Tima alituambia siku ya kwanza, amesimama mlangoni, kanga imelowa hadi kiunoni. "Spinosamu ikitiwa maji ya majivu ya makumbi, itasimama kama kotonii au haitasimama? Ikiwa itasimama, niwapumzishe hawa. Ikiwa haitasimama, tutaendelea kuumia. Lakini nijue kabla kaskazi haijaingia."

Kwa hiyo tulilijua tangu mwanzo. Sitaweza kusema kwamba sikujua kilichokuwa juu ya jibu letu.

Nilijaribu kumweleza kazi yenyewe mchana mmoja, yeye akichambua mchele. Nilimwambia kwamba ndani ya mashine tumejenga sanduku la maji, tukatia nyuzi za mwani na chembe za potasiamu, na kwamba mashine inahesabu kila chembe inasukumwa vipi na kuvutwa vipi, kisha inazisogeza zote kidogo sana, halafu inahesabu upya, mara mamilioni kwa mamilioni.

"Inasukumwa na nani?"

"Na wenzake wote."

"Wote? Hata aliye mbali?"

"Hata aliye mbali. Nguvu inapungua, lakini haiishi."

"Aliye Vanga anamvuta aliye Shimoni."

"Kidogo, ndiyo."

Alifikiri, vidole havikusimama. "Basi hesabu hiyo haina mwisho."

"Ndiyo taabu yake, Bi Tima. Ziko njia mbili. Ya kwanza, unamchorea kila mmoja mpaka, kisha unasema, aliye nje ya mpaka huu simhesabu. Ya pili, walio karibu unawahesabu mmoja mmoja, na walio mbali unatandaza chaji zao zote juu ya wavu mmoja mkubwa, unauhesabu wavu mzima kwa mara moja."

"Ya kwanza ni ya mkwe wangu," alisema. "Akishapita Shimoni anatusahau." Saumu alimrushia mama yake punje za mchele, na sote tukacheka, na somo likaishia hapo.

Njia ya wavu ndiyo sahihi. Nilijua, imeandikwa katika kila kitabu cha fani yetu, na programu tuliyotumia ilikuwa nayo. Lakini mashine zetu zilikuwa sita, na zilizungumza kwa waya mwembamba wa hoteli. Kwa njia ya mpaka, kila mashine ilihitaji kujua habari za jirani yake tu. Kwa njia ya wavu, kila mashine lazima imweleze kila mwenzake habari zake zote, kila hatua, na kungoja jibu. Mutiso alilieleza hivi: "Hawa wazee wakifanya kazi wako sawa. Shida ni mkutano. Kila dakika ni mkutano, na kwa mkutano kila mtu lazima aseme kitu." Alipima kwa siku mbili, akiandika kwenye karatasi ya pakiti ya sigara. Njia ya wavu, wiki tisa, umeme usipokatika. Njia ya mpaka, siku nne.

Ulikuwa mwezi wa Novemba unaishia. Asubuhi maji ya pwani yalikuwa yameanza kuwa ya uvuguvugu miguuni.

Mutiso alisema tungoje. Lazima niliandike hili, kwa kuwa hayupo hapa kujisemea. Yuko ng'ambo, tunatumiana salamu za sikukuu. Alisema, "Mwambie hatujui. Si dhambi kutojua." Mimi nilisema kwamba watu wengi zamani walitumia njia ya mpaka, kwamba profesa anangoja, kwamba Bi Tima ametulisha miezi sita na hatuwezi kumrudishia mikono mitupu. Yote yalikuwa kweli. Lililokuwa kweli zaidi ni kwamba nilitaka kuwa mtu aliyeleta jibu. Nilikuwa nimechoka kuulizwa kama mashine imejifungua.

Siku ya nne asubuhi tuliifungua picha. Nyuzi mbili zilizoanza zimetengana zilikuwa zimesogeleana zikasokotana, chembe za potasiamu zimejipanga kati yake kama shanga. Nilipiga ukelele. Kuku aliruka kutoka nyuma ya mashine ya tatu na vifaranga wake wapya wakatawanyika chumba kizima. Nilikimbia hadi pwani na kompyuta ndogo ya mkononi, wanawake wakanizunguka, mikono yao imelowa, wakiogopa kuigusa. Nikawaonyesha nyuzi zikishikana, nikairudisha nyuma, nikaionyesha tena. Yule wa masihara ya kujifungua ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Bi Tima hakupiga kigelegele. Aliitazama picha kwa makini, akaniuliza, "Hii ni spinosamu?" Nikasema ndiyo. "Na hayo ni majivu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Alhamdulillahi. Ahsante, mwanangu." Bamvua lililofuata hawakwenda mkondoni.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nikiandika sura ya tasnifu, na sura ilihitaji mchoro mmoja wa kawaida: chembe za potasiamu zinakaa umbali gani kutoka kwa chembe nyingine za potasiamu. Mchoro wa namna hiyo hupanda karibu, hushuka, kisha hutulia. Wangu ulipanda, ukashuka, halafu mbali kidogo ukatoa nundu. Nundu nyembamba, ndefu, mahali ambapo hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kukaa. Nilisoma umbali wake kwenye mstari wa chini. Ulikuwa ni umbali ule ule tuliouweka kuwa mpaka.

Nilikaa nikiutazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikamwita Mutiso. Alikwenda kwenye mashine, akausogeza mpaka mbele kidogo, akaanzisha hesabu upya. Siku nne. Nundu ikahama ikafuata mpaka. Hapo hakukuwa tena na cha kubishana. Chembe zilizokuwa zikisukumana zilikuwa zimegundua mstari ambao ukiuvuka tu hakuna anayekusukuma, zikakusanyika nje yake kama watu waliofukuzwa msikitini wakabaki barazani. Na zile nyuzi zetu zilishikana kwa sababu hiyo hiyo. Tuliwanyamazisha wa mbali, na waliobaki wakapatana kwa uongo.

"Leo," Mutiso alisema. "Tunamwambia leo. Kamba ziko bado. Nimeona Saumu jana, anasema nusu ni hai."

"Hatujui kwamba haitaganda. Tunajua tu kwamba hesabu ile ni mbovu. Tuendeshe ile kamili kwanza."

"Wiki tisa, Mishi?"

"Ndiyo utaratibu."

"Utaratibu ya nani? Mbegu itakuwa imekufa!"

"Punguza sauti."

"Mimi sitamwambia," alisema akipunguza sauti. "Ni jina lako, na ni watu wa kwenu. Lakini usiseme utaratibu. Sema unaona haya."

Aliiwasha hesabu ya wavu siku hiyo hiyo, akakaa nayo wiki tano, akawa anarekebisha waya na kuirudisha kila umeme ulipokatika, akizungumza nami mambo ya kazi tu. Wiki ya sita alipata kazi Ukunda akaondoka. Aliniachia karatasi ya maelekezo yenye mistari minane, ya mwisho ikisema nisisahau kuwapa vifaranga maji.

Nimefundisha miaka mingi, na kila mwaka nafundisha kuhusu ile nundu. Wanafunzi huipenda. Huwa nawaambia kwamba kosa la kukata umbali halionekani kama kosa, kwamba linakupa picha safi kuliko ukweli. Ninayoyaacha ni yale mambo ya wiki zile tisa: namna nilivyokuwa nikiamka, nikala mkate na Bi Tima, nikamsikia akiuliza, "Kazi inakwendaje?" na nikajibu, "Inakwenda, tunahakikisha tu." Namna neno kuhakikisha lilivyonitosha. Nilikuwa na hoja ya kitaalamu kwa kila siku niliyonyamaza. Januari nilikwenda pwani maji yametoka, nikatembea peke yangu hadi karibu na mkondo. Kamba za kotonii zilikuwa bado zimefungwa kwenye vigingi. Vipande vilikuwa vyeupe kama mifupa ya kuku, na nilipoinua kimoja kilikatika mkononi kwa uzito wake mwenyewe. Lakini kwenye kamba ya mwisho, upande wa maji mengi, palikuwa na vishina vitano au sita vya rangi ya kahawia, vigumu, vizima. Ningeweza kuvibeba kwenye kanga. Ningeweza kurudi navyo hadi uani na kusema, Bi Tima, nilikosea, hivi ndivyo vilivyobaki. Nilisimama mpaka maji yalipoanza kurudi na kunifika magotini, halafu nikarudi nyumbani na miguu mitupu ya mkosaji, mikono haina kitu.

Hesabu ilikwisha Februari. Nyuzi zilikuwa zimetengana, kila moja peke yake ndani ya maji, potasiamu zimetawanyika. Nilimkuta Bi Tima jikoni akimenya mihogo. Nilikaa chini, nikamwambia yote isipokuwa ni siku gani nililijua kosa. Nilisema "sasa tumegundua." Hakuniuliza hata swali moja. Kisu kiliendelea kuzunguka muhogo, ganda likashuka refu bila kukatika, akaliweka pembeni.

"Basi, mwanangu," akasema. "Umekula?"

Nikasema sijala. Akanipakulia. Nilikula mihogo ile nikilia, naye akanipapasa mgongo, akasema kusoma ni kazi ngumu, akasema Mungu ndiye ajuaye, na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilihisi nafuu.

Niliondoka wiki ile. Profesa aliisifu sana sura ya nundu. Alisema wanafunzi wachache hupata ujasiri wa kuonyesha kosa lao wenyewe. Kwa sura hiyo nilipata shahada, na kwa shahada nilipata kazi. Jina la Bi Tima liko katika ukurasa wa shukrani, limeandikwa vibaya. Kikundi kilileta mbegu ya kotonii kutoka kwingine mara mbili, na mara zote mbili kaskazi ikaimaliza, kwa kuwa wale watatu waliojua mkondo walikuwa wameshaacha: mmoja aliolewa Lunga Lunga, mmoja alikwenda kufua mashuka hotelini Chale, na Bi Tima miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Spinosamu iliendelea kulimwa, laini, ya bei yoyote anayoitaja mnunuzi. Mimi nilikuwa nikipiga simu siku za Idi. Kuja sikuja.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya hitima kusomwa na watu kula, Saumu na mimi tulibaki uani tukiosha masinia. Amenenepa, ana uso wa mama yake sasa, hata namna ya kukunja mdomo anapofikiri. Majirani walikuwa wakipita na kuaga. Tuliosha sinia nne tano, kisha akasema bila kuinua kichwa:

"Mishi. Ile hesabu yenu ya mwisho, ya wiki tisa. Siku hizi inachukua muda gani?"

Nilitamani kusema uongo. "Mchana mmoja," nikasema. "Mashine za siku hizi ni za haraka. Ukiianzisha baada ya chai, alasiri imekwisha."

"Mchana mmoja." Alimwaga maji machafu, akachota mengine. "Mama naye ilimchukua hivyo hivyo."

"Ilimchukua nini?"

"Kupika."

Sikuelewa. Akanitazama, akaona sielewi, na nadhani alitaka kurudi nyuma, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Baada ya wewe kuja na ile picha pwani, mama alichemsha spinosamu. Katika ile sufuria yetu kubwa ya harusi, akaipeleka kwa jirani ili usisikie harufu. Akatia maji ya majivu, akachuja kwa kanga, akaiacha ipoe. Ikawa uji. Kesho yake akachoma makumbi mengine, akasema labda yale yalikuwa na mchanga. Uji. Mara ya tatu akaazima sufuria ya watu, akasema labda yetu ina mafuta." Alisugua sinia pale pale palipokwisha kung'aa. "Tukawamwagia bata."

"Hiyo ilikuwa kabla ya kuziacha kamba?"

"Kabla. Bamvua lilikuwa bado siku tano."

"Saumu, kwa nini hakuniambia?"

Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu hula kwa mkono wa kulia. "Angekuambiaje? Ulikuwa mgeni wetu. Tena ulikuwa na furaha, unaimba huko chumbani. Mama alisema, 'Mtoto wa watu amehangaika miezi sita na vitabu vyake, mimi nimwendee na sufuria?' Akasema sufuria haikusoma, na tukirudi mkondoni utajua hatukukuamini. Akatukataza tusikuambie, na wale wa kikundi wote walioonja aliwakataza."

"Wote walijua?"

"Wote."

Mtu aliita kutoka ndani kuuliza kama sinia zimepatikana, na Saumu akajibu zinakuja. Kwa miaka kumi na kitu nilikuwa nimezibeba zile wiki tisa kama ukimya wangu peke yangu, dhambi yangu niliyoificha nyumba iliyoniamini. Kumbe nyumba yenyewe ilikuwa imetangulia kunyamaza, mlango kwa mlango, mpaka kwa jirani mwenye sufuria. Waliiacha mbegu ife huku wakijua, ili nisione haya.